Klachi ya gari ya barabarani inayoingia na mashindano: jinsi ya kuichagua bila kujuta

Swali linakuja vilevile kila mara: "mkuu nimeongeza tubo, nifunge klachi steji ngapi?" (steji ni daraja la ukali wanalotaja wauzaji). Na mimi huwa najibu kwa swali, injini inatoa toki (nguvu ya kuzungusha) ngapi, na siku ambazo hushindani hiyo gari inafanya kazi gani? Hapo mtu ananyamaza. Kwahiyo nimeamua kuandika yote mara moja, ukimaliza kusoma utakuwa na majibu ya kumpa muuzaji badala ya yeye kukuchagulia anachotaka kukitoa kwenye shelfu.

Kwanza, steji sio kipimo. Hakuna sheria inayosema steji 2 ni nini, kila kiwanda kinajipangia, steji 2 ya huyu inaweza kuwa laini kuliko steji 1 ya yule. Unachotafuta kwenye karatasi ya klachi ni toki inayobeba, imeandikwa Nm (nyutoni mita). Kama muuzaji hana hiyo namba, mshukuru uondoke.

Pili, msimamo wangu niuseme mapema: chukua klachi laini kuliko zote zinazoweza kubeba toki yako. Mimi nilifanya kinyume. Klachi iliteleza siku moja tu nikapandwa na hasira, nikafunga disiki ya seramik yenye vipande vinne, haina spring, presha pleti (sahani inayobana disiki) nzito. Uwanjani ilikuwa tamu sana, sikatai. Kwenye foleni sasa, gari inaruka kama chura, mguu wa kushoto unatetemeka, nikawa naacha nafasi ya magari matatu mbele ili nisiguse klachi. Niliishia kuitoa nikafunga ya organiki yenye presha pleti ngumu kidogo, na haijawahi kuteleza mpaka leo. Yaani nilitoa gia boksi mara mbili kwa kazi ya mara moja.

Kabla hujaanza, kuwa na hivi

- Namba ya injini na namba ya gia boksi iliyopo kwenye gari SASA. Sio jina la gari na mwaka, maana magari mengi ya michezo yameshabadilishwa injini au gia boksi, na klachi inafuata hivyo vitu viwili.
- Toki ya juu kabisa ya injini, pamoja na mpango wako wa mwaka ujao kama unao (usijidanganye, unao).
- Uzito wa gari na aina ya matairi unayoshindania.
- Kanuni za daraja unaloshiriki. Madaraja mengine hayaruhusu kubadili klachi au flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini ambalo klachi inabana) kabisa, mengine yanaruhusu disiki lakini uzito wa flaiwili ubaki wa kiwandani.
- Jibu la kweli: kati ya kilomita 100 unazoendesha, ngapi ni za mashindano? Kama ni tano, chagua klachi ya zile 95.

Hatua

1. Hakikisha klachi ndio yenye tatizo

Tafuta barabara iliyonyooka na tupu, weka gia ya nne au ya tano, mizunguko ya injini kama 2,000 hivi kwa dakika, kisha kanyaga mafuta yote. Mizunguko ikipanda haraka huku spidi ya gari haifuati, inateleza. Fanya mara moja au mbili tu, kila ukirudia unaichoma.

Sasa kabla ya kununua, jiulize inateleza kwa nini. Oili ya injini inaweza kuwa inavuja kwa sili ya nyuma ya krenki (shafti kuu ya injini), au oili ya gia inatoka kwa sili ya shafti ya gia boksi. Kebo inaweza kuwa imekazwa sana mpaka beringi ya kuachilia (inayosukuma presha pleti ukikanyaga pedali) haiachii vidole vya presha pleti. Au disiki imeisha tu kwa uzee. Kwenye hali zote hizo, klachi mpya ya kiwandani ingekutosha, na ukifunga ya bei mbaya juu ya sili inayovuja utairudia kazi yote.

2. Pata toki halisi, sio nguvu za farasi

Hapa ndipo wengi wanapotea. Klachi haijui farasi, inajua toki. Chukua injini mbili, zote zina farasi 200. Ya kwanza inazitoa kwenye mizunguko 8,000, hapo toki yake ni kama Nm 178. Ya pili ina tubo, inazitoa kwenye 4,000, hapo toki ni Nm 356. Farasi zilezile, klachi mbili tofauti kabisa. Ndio maana rafiki yako mwenye injini ya kupiga kelele juu anaweza kuishi na klachi ya kawaida na wewe wa tubo unachoma.

Kama umepima kwenye daino (mashine ya kupima nguvu) ya magurudumu, namba uliyopewa ni ndogo kuliko ya injini kwa sababu kuna nguvu inaliwa njiani. Makadirio ya watu wengi ni asilimia 15. Mfano umepata Nm 250 magurudumuni, gawa kwa 0.85, injini inatoa kama 294. Juu ya hapo ongeza asilimia 20 mpaka 30 ya akiba. Kwa mfano huu unatafuta klachi ya Nm 350 hadi 380.

*Onyo:* usiende kununua ya Nm 600 "ili iwe salama". Klachi isiyoteleza kabisa inapeleka mshtuko wote mbele, kwenye gia, kwenye shafti za magurudumu, kwenye difu. Klachi ni rahisi kubadili kuliko gia ya tatu iliyong'oka meno.

3. Amua mchezo wako ni upi

Mbio za saketi, ajabu yake, hazili klachi sana. Unaondoka mara moja, baada ya hapo klachi inapumzika muda mwingi, kinachoiumiza ni kushusha gia bila kupandisha mizunguko ya injini ilingane. Kupanda mlima kwa kupimwa muda na slalomu (kupita kati ya koni) ni kuondoka kwa nguvu, halafu unasubiri zamu yako na klachi inapoa. Dragi ndio muuaji, hasa ukiwa na matairi ya sliki (yasiyo na mifereji), maana tairi halitelezi kwahiyo lazima kitu kingine kiteleze. Drifti inapiga klachi mateke, mshtuko juu ya mshtuko. Rali ina kila kitu, kuondoka, matope, kurudi nyuma baada ya kukosea kona.

Na uzito una maana. Joto la kuondoka mara moja linategemea sana uzito wa gari na spidi ambayo klachi inamaliza kushika. Gari nzito yenye gia ya kwanza ndefu na matairi yanayong'ang'ania itapika klachi hata kama toki yake sio ya kutisha.

4. Chagua kitambaa cha disiki

Organiki ni ile ya kiwandani au jamaa yake. Inashika polepole, inavumilia makosa, ikipata joto kiasi na ukaiacha ipoe mara nyingi inarudi kwenye hali yake. Kwa gari inayoenda kazini na kushindana mara moja moja, hii pamoja na presha pleti ngumu zaidi ndio jibu kwa watu wengi wanaoniuliza.

Kevlar inadumu muda mrefu sana na ni laini mguuni, lakini haisamehe joto. Ukiipasha sana, hasa kabla haijazoea, uso unang'aa kama kioo na hapo imekwisha. Mtu wa dragi aiache.

Seramik yenye chembe za chuma inabeba joto na ina msuguano mkubwa zaidi. Organiki ina kama 0.3, hii inaweza kufika 0.4, maana yake kwa presha pleti ileile unapata kama theluthi zaidi bila pedali kuwa nzito. Ubaya wake ni kwamba inashika kama swichi, ipo au haipo, na inakula uso wa flaiwili. Ya chuma kilichoshindiliwa inapita hapo, hiyo ni ya mashindano tupu. Kaboni ni nyepesi na inapenda joto, ila kama bado unasoma mwongozo wa wanaoanza huihitaji.

Kuna disiki zenye organiki upande mmoja na seramik upande mwingine. Sio mbaya. Tabia yake inakaa katikati kweli.

5. Disiki nzima au ya vipande, yenye spring au isiyo nazo

Disiki nzima inashika kwa upole kuliko yenye vipande sita, ya sita ni pole kuliko ya nne, ya tatu ndio kali kuliko zote. Ya vipande ni nyepesi pia, hivyo gia zinaingia haraka kwenye mizunguko ya juu, hilo ni faida ya kweli sio mbwembwe.

Zile spring za katikati zipo kumeza mtetemo wa injini usifike kwenye gia boksi. Kwa gari inayotembea barabarani chukua yenye spring, hapa sina mjadala. Na usisahau kuna bati jembamba lenye mawimbi katikati ya vitambaa viwili vya disiki, ndilo linalofanya klachi ishike taratibu. Disiki nyingi za mashindano hazina hilo bati, na ndio sababu zinaruka, watu wanasingizia seramik peke yake.

6. Presha pleti na mguu wako

Nguvu ya klachi inatoka sehemu nne tu: idadi ya nyuso zinazosuguana, msuguano wa kitambaa, nguvu ya kubana, na upana wa disiki. Ukiongeza kubana kwa asilimia 20 klachi inabeba asilimia 20 zaidi, lakini kwa kawaida mguu unalipa. Sio mguu tu, kila ukikanyaga pedali unasukuma krenki upande mmoja, na beringi bapa zinazoizuia krenki isitembee ndizo zinazobeba. Kwahiyo ukifunga presha pleti nzito acha tabia ya kusimama kwenye taa umekanyaga klachi, weka nyutro.

Njia nyingine ni kuongeza nyuso. Klachi ya disiki mbili ina nyuso nne badala ya mbili, ndio maana za mashindano zinaweza kuwa ndogo sana, inchi 7.25 au hata 5.5, na bado zikabeba injini kubwa. Zipo za disiki mbili za organiki zenye spring ambazo barabarani zinaendesheka vizuri kabisa kwa mwenye toki nyingi. Bei yake lakini ukae chini kwanza.

Na kabla ya hayo yote, angalia kwa ndugu wa gari yako. Mara nyingi kiwanda hichohicho kina mfano wenye injini kubwa au ya dizeli na klachi yake inaingia. Watu wa Volkswagen wameifanya miaka mingi, flaiwili ya G60 na klachi ya VR6 kwenye injini ya 1.8T, tabia ya kiwandani na uwezo juu.

7. Flaiwili

Kama gari yako ina flaiwili ya vipande viwili, ile yenye spring ndani, una mawili: ibaki kama bado nzima, au uweke ya kipande kimoja. Ukiweka ya kipande kimoja, disiki LAZIMA iwe na spring, la sivyo umeondoa vimeza mtetemo vyote na gia boksi itakulilia kama ina karanga ndani.

Flaiwili nyepesi inafanya injini ipande na kushuka haraka, utaisikia zaidi kwenye gia za chini. Lakini gari inazimika kirahisi ukiondoka, kupandisha kilima kwenye foleni kunahitaji ufundi, na chuma kidogo kinameza joto kidogo. Baadhi ya magari kompyuta inaona mtikisiko mpya inadhani silinda haichomi, taa inawaka. Kwa barabarani punguza kiasi, usiende kwenye ile nyepesi kuliko zote.

*Onyo, na hili soma mara mbili:* usimpe fundi wa kukereza vyuma flaiwili ya chuma cha kumimina aichonge iwe nyepesi. Ikipasuka kwenye mizunguko 7,000 iko pembeni ya miguu yako, na gia boksi ya alumini haitaizuia. Nunua iliyotengenezwa kwa kipande kimoja cha chuma imara kilichochongwa kwa kazi hiyo, ikiwa na cheti cha usalama cha SFI 1.1 vizuri zaidi, na michezo mingine inakidai.

8. Linganisha vipimo kabla ya kulipa

Hesabu meno ya shafti ya gia boksi na pima kipenyo chake. Jua kama klachi yako ni ya kusukuma au ya kuvuta, Subaru Impreza nyingi za tubo zenye gia tano kwa mfano ni za kuvuta, na presha pleti ya kusukuma haitakusaidia kitu hapo. Kama ni ya hidroliki angalia hali ya silinda ya juu na ya chini, presha pleti nzito ndiyo inayomaliza silinda zilizochoka.

Vitu vikifika mezani, bana disiki mpya na presha pleti kwenye flaiwili mpya, pima urefu kutoka sehemu flaiwili inapokaa kwenye krenki mpaka ncha za vidole. Fanya hivyohivyo kwa ya zamani. Zikitofautiana sana beringi itafanya kazi sehemu isiyo yake, bora ujue sasa kuliko gia boksi ikiwa imesharudi.

9. Agiza na vidude vidogo

Beringi ya kuachilia, beringi ya mwisho wa shafti kama gari yako inayo, sili ya nyuma ya krenki, sili ya shafti ya gia boksi, bolti mpya za flaiwili (nyingi ni za kutumika mara moja), mafuta ya breki DOT 4. Usiweke DOT 5 ya silikoni. Uma wa klachi na mpira wake uangalie, ukiwa umeliwa badilisha.

10. Kufunga

Gari ikae kwenye stendi, sio jeki. Vumbi la klachi ya zamani usilipulize na upepo, klachi za zamani zilikuwa na asbesto, futa kwa kitambaa chenye maji.

Uso wa flaiwili uchongwe ukiwa umekwaruzika au una madoa ya bluu. Kama flaiwili ina ngazi, yaani presha pleti inakaa juu kuliko uso wa disiki, sehemu zote mbili zikatwe kiasi kilekile, wengi wanasahau hapa halafu klachi inabana pungufu au kupita kiasi. Safisha kila kitu kwa spirei ya kusafishia breki, na usishike kitambaa cha disiki kwa mkono wenye grisi.

Disiki ina upande wake, soma maandishi, kawaida kile kitovu chenye spring kinatazama gia boksi. Tumia kifaa cha kusentia (kuiweka disiki katikati). Bolti za presha pleti kaza kwa msalaba, nusu mzunguko kila moja, kisha malizia kwa spana ya kupimia kwa namba ya kitabu cha gari. Grisi ya meno ya shafti iwe kidogo mno, ingiza disiki, itoe, futa iliyozidi.

Na gia boksi usiiache ining'inie kwenye shafti hata dakika moja wakati unatafuta bolti. Uzito wake unapinda disiki, halafu unalaumu kiwanda.

Mwisho weka stopa ya pedali kama presha pleti mpya inaachia mapema, vidole visisukumwe kupita mwisho wake.

11. Izoeshe

Organiki ipe kilomita 500 hadi 800, Kevlar karibu 1,000, fuata karatasi ya kiwanda. Ziwe za mjini, simama, ondoka, badili gia. Kilomita 800 za barabara kuu ni kama hujafanya kitu, klachi haikusugua. Wakati huo mafuta nusu na hakuna kuonyeshana.

Ikigoma

*Inateleza ikiwa mpya:* haijazoea, au oili imeigusa, au pedali haina uhuru kidogo juu, au ngazi ya flaiwili imekosewa. Kitambaa kilicholowa oili hakisafishiki, nunua disiki.

*Gia haziingii au rivasi inasaga:* klachi haiachii. Kanyaga pedali, subiri sekunde chache, weka rivasi. Ikisaga, anza na hewa kwenye hidroliki, toa tena hewa hata kama fundi anasema ametoa. Halafu angalia stopa, disiki iliyogeuzwa, disiki iliyopindwa, au beringi ya mwisho wa shafti iliyokwama.

*Inatetemeka ikishika:* kwenye seramik kidogo ni kawaida yake. Kwenye organiki tafuta oili, flaiwili isiyonyooka, au mpira wa kushikilia injini uliokufa, huo wa mwisho ndio unaosahaulika na ni rahisi kuliko vyote.

*Pedali inabaki chini:* silinda au hewa, tena. Kama ni gari ya kebo, kebo inakatika nyuzi moja moja, badilisha kabla ya siku ya mashindano.

*Kelele ukiwa nyutro, inapotea ukikanyaga klachi:* hiyo ni gia boksi inagongana kwa sababu ya flaiwili nyepesi, au beringi ya shafti ya gia boksi. Kelele ikianza UKIKANYAGA, ni beringi ya kuachilia, na kama hukuibadilisha kwenye hatua ya 9 basi gia boksi inashuka tena.